Kilichoachwa Nje ya Kielelezo: Mvuto wa Ulimwengu Mdogo katika Sanaa na Usanifu, kwa Kuanzia Kacyiru, Kigali

Ikisiri

Vitu vilivyodogoshwa, kuanzia kikapu kinachoenea kiganjani hadi jiji zima lililowekwa juu ya meza, humvuta mtazamaji kwa namna ambayo vitu vya ukubwa wa kawaida haviwezi. Makala haya yanaeleza chanzo cha mvuto huo na gharama yake. Yanaanzia Kacyiru, kilima cha Kigali ambako wizara za serikali na majumba ya sanaa ni majirani, kisha yanapita Lamu, Kinshasa na msitu wa Mau. Hoja yake ni kwamba hakuna kitu kinachodogoshwa bila baadhi ya sehemu zake kuachwa, na kwamba raha ya mtazamaji hutokana kwa kiasi kikubwa na kuachwa huko. Anayeonyeshwa kielelezo ili aamue jambo la umma anapaswa kwanza kujua kimeacha nini, na nani aliyeamua kiachwe.

Istilahi muhimu: udogoshaji, kielelezo, skeli, agaseke, mipango miji, ubudehe

Utangulizi

Kacyiru ni kimojawapo cha vilima vya Kigali, katika wilaya ya Gasabo. Kwa mshauri wa sera, jina hilo ni la ofisi: ndipo zilipo wizara kadhaa za Serikali ya Rwanda, na ndipo nyaraka nyingi zinazoamua sura ya nchi hiyo zinapoandikwa na kutiwa saini. Kwa mpenda sanaa, jina hilohilo ni la Inema Arts Center, jumba lililoanzishwa mwaka 2012 na ndugu wawili wachoraji, Emmanuel Nkuranga na Innocent Nkurunziza. Maktaba ya Umma ya Kigali nayo ilifunguliwa katika kilima hicho mwaka huohuo. Kutoka meza ya mtaalamu wa mipango miji hadi rafu inayouzwa kazi za mikono ni mwendo wa miguu tu.

Mezani huwekwa picha na vielelezo vya jiji linalotarajiwa. Rafuni huwekwa agaseke, kikapu chenye mfuniko uliochongoka, ambacho siku hizi husukwa hata kwa ukubwa wa kidole gumba ili kitundikwe sikioni au kwenye funguo. Vyote viwili ni ulimwengu uliopunguzwa hadi ukaenea machoni kwa mara moja, na vyote hupendwa upesi, kabla mtu hajajua anapenda nini. Tofauti ni kwamba hereni haimhamishi mtu nyumbani kwake.

Katika makala haya, kielelezo ni umbo linalowakilisha kitu kikubwa kwa ukubwa mdogo, na skeli ni uwiano wa vipimo vya umbo hilo na vya kitu chenyewe. Neno la pili limezoeleka katika masomo ya jiografia. La kwanza lina maana pana zaidi, kwa kuwa kielelezo ni pia mfano wa kufuatwa, na maana hiyo ya pili haitabaki mbali na mjadala.

Udogo katika sarufi

Mtu anayezungumza lugha ya Kibantu hudogosha vitu kila siku bila kushika kisu wala gundi. Katika Kiswahili kazi hiyo hufanywa na ngeli ya KI-VI: mto huwa kijito, nyumba huwa kijumba, mlima huwa kilima. Rwanda, nchi inayosifiwa kwa milima yake elfu, ina mji mkuu uliojengwa juu ya vilima, na msemaji wa Kiswahili anayesema hivyo amekwisha kudogosha bila kukusudia. Mji nao una njia mbili. Ukidogoshwa huwa kijiji, ukikuzwa huwa jiji. Kwa hiyo jozi ambayo watunga sera huitumia kila siku, ya kijiji na jiji, ni neno moja lililopimwa kwa skeli mbili.

Udogo wa kisarufi hauna hisia moja. Kijitoto huweza kuwa neno la mapenzi, ilhali kijitu ni tusi. Kijumba kinapotajwa na mwenye nacho husikika unyenyekevu, na kinapotajwa na afisa wa ardhi husikika hukumu. Ni vyema hali hii ikumbukwe, kwa sababu vitu vilivyodogoshwa kwa mikono hubeba utata uleule: kukifanya kitu kiwe kidogo ni kukipenda na kukitawala kwa wakati mmoja.

Kinyarwanda kina ngeli mahususi ya udogo, yenye kiambishi aka- katika umoja na utu- katika wingi. Umwana akidogoshwa huwa akana. Igiseke, yaani kikapu, kikidogoshwa huwa agaseke, na wingi wake ni uduseke. Konsonanti k ya aka- na t ya utu- hugeuka g na d kwa kuwa silabi inayofuata inaanza kwa konsonanti isiyo na mghuno, badiliko ambalo wanaisimu huliita Kanuni ya Dahl. Jambo hili dogo la kifonolojia lina uzito hapa. Kikapu kilichowekwa katika nembo ya taifa ya Rwanda iliyopitishwa mwaka 2001, pamoja na mtama, kahawa, gurudumu la meno na ngao, kina jina ambalo tangu mwanzo ni la udogo. Agaseke haikusubiri soko la watalii ili ipunguzwe. Ilikuwa kitu kidogo cha thamani, cha kuwekea na kupelekea zawadi hasa katika shughuli za ndoa, kilichofunikwa ili kilichomo kisionekane.

Uzi haudogoki

Agaseke husukwa kwa kuzungusha. Msusi hukusanya nyasi kuwa fungu jembamba, akalizungusha kuanzia katikati ya kitako, na kila mzunguko akaufunga kwenye ule ulioutangulia kwa uzi wa katani au wa mmea mwingine unaopitishwa kwa sindano. Nakshi ya pembepembe inayopanda ubavuni hutokana na kubadili rangi ya uzi kwa hesabu: mishono kadhaa ya rangi nyeusi, kadhaa ya rangi ya asili, na katika kila mzunguko hesabu husogezwa hatua moja. Msusi hachori nakshi hiyo, anaihesabu.

Hapo ndipo udogoshaji unapokutana na kikomo chake cha kwanza. Ikichukuliwa kwamba mshono mmoja una upana wa milimita 2, kikapu chenye kipenyo cha sentimita 30 kina mzingo wa takriban sentimita 94, hivyo mzunguko wake mpana unabeba mishono kama 470. Kikapu chenye kipenyo cha sentimita 6 kina mzingo usiofika sentimita 19, na mzunguko wake unabeba mishono kama 94. Kikapu kimepungua mara tano, lakini uzi ni uleule na vidole ni vilevile. Msusi hawezi kuipunguza nakshi yote mara tano, kwa kuwa hana uzi wa milimita 0.4 wala jicho la kuuhesabu. Analazimika kuchagua: aondoe baadhi ya pembe, au azibakize zote kwa mishono michache hadi zikose mchongoko, au aache nakshi kabisa na kubakiza ukanda mmoja wa rangi.

Mnunuzi anayekishika kikapu hicho haoni kilichoondolewa. Anachoona ni ustadi, na kweli upo. Hata hivyo ustadi wenyewe ni wa kuamua ni pembe zipi zikibaki kikapu kitaendelea kutambulika kuwa agaseke. Kikishafika ukubwa wa hereni hakina tena nafasi ya kutia kitu. Kilichokuwa chombo cha kufunikia zawadi kimekuwa ishara ya chombo hicho. Biashara hiyo si ya kudharauliwa. Tangu kampuni ya Gahaya Links ilipoanza kusafirisha vikapu kwenda Marekani, ambako duka la Macy's lilianza kuviuza mwaka 2005, ususi umewapa wanawake wengi wa Rwanda kipato, wakiwamo wajane na wake wa wafungwa walioketi pamoja kusuka baada ya mauaji ya kimbari ya 1994. Kinachosemwa hapa ni cha kiufundi: mkono wa msusi umeamua kipi kiachwe, na msusi mwenyewe anajua alichoacha.

Kwa nini kidogo hupendeza

Wanafikra wa Kifaransa wamelishughulikia swali hili kwa kina. Gaston Bachelard, katika kitabu chake cha 1957 kuhusu ushairi wa mahali, aliuona udogo kuwa hali ambamo thamani ya kitu hujikusanya badala ya kupungua. Claude Lévi-Strauss, mwaka 1962, alitoa maelezo yanayofaa zaidi kwa mjadala huu. Kwa kawaida mtu hukijua kitu kikubwa kwa kuanzia sehemu zake: huingia mlangoni, akapita ukumbini, akapanda ngazi, na mwishowe akaunda picha ya jengo zima akilini. Kielelezo hugeuza mpangilio huo. Mtazamaji huupata ujumla kwanza, sehemu baadaye, na hisia ya kukimiliki kitu humjia kabla hajakifahamu. Susan Stewart, katika utafiti wake wa 1984, aliongeza suala la wakati: ndani ya ulimwengu mdogo saa imesimama. Hakuna kinachochakaa wala kuoza, na hakuna anayechelewa kazini.

Kusimama huko kwa saa kuna faida kubwa pale kitu chenyewe kinapotoweka. Mfano ulio bora katika ukanda huu ni mtepe, chombo cha visiwa vya Bajuni na Lamu ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi bila misumari ya chuma, kikasafiri kwa tanga la mraba la mkeka na kubeba, pamoja na shehena nyingine, boriti za mikoko. Mitepe ilikoma kuundwa katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Kilichobaki ni maelezo ya maandishi, picha chache, na vielelezo vya mbao vilivyohifadhiwa katika makumbusho. Watafiti wa baadaye wamevitegemea vielelezo hivyo kujua jinsi mishono ilivyopita na jinsi omo lilivyoinuka. Mtepe wa ukubwa kamili ulipoundwa upya na kuwekwa katika Beit-al-Ajaib, Zanzibar, mwanzoni mwa karne hii, elimu ya kuuunda ilitokana kwa sehemu na vyombo vidogo ambavyo havijawahi kubeba boriti hata moja. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka. Kidogo kilikuwa kimekitangulia kikubwa katika kudumu, jambo ambalo fundi aliyekichonga huenda hakulifikiria.

Mtepe mdogo unaaminika kwa sababu aliyeutengeneza alitoka miongoni mwa watu waliokijua chombo kikubwa. Alijua kamba inakaza wapi. Hata hivyo nao una kikomo kilekile cha agaseke: kamba ya kielelezo haiwezi kuwa nyembamba kwa uwiano, hivyo mishono ni michache kuliko ya chombo halisi, na mtafiti anayeihesabu bila kulijua hilo atapotoka. Jahazi ambalo limekwisha kuwapo lina angalau ushahidi mwingine wa kulisahihishia. Jiji ambalo bado halijajengwa halina.

Jicho lililo angani

Kigali imepangwa upya mara kadhaa katika karne hii. Mpango kabambe wa dhana uliandaliwa mwaka 2007 na timu iliyoongozwa na OZ Architecture ya Denver. Kampuni ya Surbana ya Singapore ikafuata na mipango ya kina ya wilaya, ile ya Gasabo na Kicukiro ikiwa ya mwaka 2013. Mwaka 2020 ukazinduliwa mpango uliorekebishwa, unaotazamia hadi 2050. Picha za kompyuta zilizotokana na mipango hiyo, zenye minara ya vioo na mitaa mitulivu, zilisambaa duniani. Mwaka 2014 Vanessa Watson wa Chuo Kikuu cha Cape Town aliitaja Kigali miongoni mwa miji ya Afrika inayouzwa kwa njozi za namna hiyo, sambamba na miradi ya Nairobi, Accra na Lagos.

Ili nguvu ya njozi hizo ieleweke, hesabu fupi itasaidia kuliko lawama. Katika kielelezo cha skeli ya 1:1000, mtu mzima ana urefu wa milimita 1.7. Mwavuli wa muuza matunda una upana wa milimita 2. Njia ya miguu inayokatiza mteremko kati ya nyumba mbili, ambayo katika vilima vya Kigali mara nyingi ndiyo barabara kuu ya mamia ya watu, ni mstari wa milimita 1. Nyumba ya vyumba viwili yenye mita 6 kwa 7 ni kipande cha kadibodi kisichozidi ukucha wa kidole kidogo. Jiji zima la Kigali lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 730, hivyo kwa skeli hiyo lingehitaji ukumbi wa takriban mita 27 kwa 27. Mara nyingi ukumbi huo haupo, skeli hupunguzwa hadi 1:5000 au zaidi, na njia ile ya miguu hufikia milimita 0.2. Haiwezi kukatwa kwa kisu. Inatoweka bila mtu yeyote kuamua itoweke.

Upande wa mtazamaji ni vivyo hivyo. Waziri, mshauri au mwekezaji aliyesimama mbele ya meza ana macho yaliyo kama mita 1 juu ya jiji dogo. Kwa skeli ya 1:1000, amesimama kilomita 1 angani. Hakuna mkazi wa Kigali anayeishi huko. Kutoka kimo hicho mteremko unaopandwa kwa jasho huonekana kama mkunjo wa kitambaa, na bonde linalofurika wakati wa masika ni ukanda wa rangi ya kijani. Mvua hainyeshi juu ya kadibodi, udongo wake haumomonyoki, na mtu hafiki sokoni akakuta bei imepanda. Saa imesimama, kama alivyosema Stewart, ila hapa imesimama katika mwaka ambao haujafika.

Majiji mengine yamepitia mvuto huu. New York ina kielelezo cha mitaa yake yote mitano kilichotengenezwa kwa Maonyesho ya Dunia ya 1964 kwa amri ya Robert Moses, kwa skeli ya 1:1200, na baada ya kuongezwa majengo mapya kimefikia majengo yapatayo 895,000. Moses ndiye aliyepitisha barabara kuu katikati ya vitongoji vya maskini. Singapore imeweka kielelezo kikubwa cha eneo lake la kati mahali ambapo raia na wageni hukitazama, nacho husasishwa jiji linapobadilika. Katika miji yote miwili kielelezo kilikuja baada ya mamlaka ya kupanga kukamilika, kikawa picha ya mamlaka hayo.

Kiswahili kimehifadhi mgongano huu katika neno moja. Mpangaji ni yule anayepanga mji, na mpangaji ni yule anayelipa kodi ya chumba. Wa kwanza hukitazama kielelezo kutoka juu, na wa pili yumo ndani yake, katika kipande cha kadibodi ambacho hakikukatwa. Mwaka 2008 wakazi wa Kiyovu cy'abakene, yaani Kiyovu ya maskini, waliondolewa katikati ya Kigali, na makazi ya Batsinda yakajengwa kwa ajili ya kuwahamishia. Mwaka 2022 nyumba za mwisho za Kangondo na Kibiraro, mtaa ulioitwa na wengi Bannyahe, zilibomolewa baada ya miaka ya mvutano, ambapo wenye nyumba wengi walidai fidia ya fedha badala ya kupewa nyumba za Busanza. Wenye nyumba walikuwa na hati na mawakili. Wapangaji wao, kwa maana ya pili ya neno, hawakuwa na cha kudai mahakamani.

Haki inadai iongezwe kwamba mpango wa 2020 ulilegeza masharti mengi ya ule wa 2013, ukaruhusu matumizi mseto ya ardhi na ujenzi wa hatua kwa hatua, na kwamba huko Agatare, wilayani Nyarugenge, barabara na mifereji ilijengwa bila kuuondoa mtaa mzima. Kuboresha mtaa uliopo ni kazi isiyopendeza sana mezani. Kielelezo cha Agatare kabla na baada ya mradi kingefanana, isipokuwa kwa mistari michache ya mifereji, na huenda hiyo ndiyo sababu miradi ya aina hiyo haipati picha za kusambaa duniani.

Kijiji kilichofanywa jiji

Yupo msanii aliyeujua uongo wa kielelezo cha jiji na kuutumia kwa makusudi. Bodys Isek Kingelez alizaliwa mwaka 1948 katika kijiji cha Kimbembele Ihunga, magharibi mwa Kongo, akafanya kazi ya kukarabati vitu vya makumbusho Kinshasa, kisha akatumia maisha yake yote kujenga majengo na majiji ya karatasi, kadibodi, plastiki, makopo ya soda na vizibo vya chupa. Alijulikana kimataifa baada ya maonyesho ya Magiciens de la terre, Paris, 1989. Alifariki mwaka 2015, na miaka mitatu baadaye Museum of Modern Art ya New York ilimwandalia maonyesho makubwa.

Mwaka 1994 alikitengeneza upya kijiji alichozaliwa. Katika kazi hiyo, yenye jina la kijiji chenyewe, Kimbembele Ihunga ni jiji lenye maghorofa ya rangi kali, uwanja wa michezo na barabara pana. Sarufi ya Kiswahili iliyotajwa awali inafanya kazi hapa kwa pande zote mbili kwa mpigo: kijiji kimekuzwa kuwa jiji, na jiji limedogoshwa likatosha juu ya meza. Majengo ya Kingelez hayana skeli moja, mengine hayangesimama kama yangejengwa, na barabara zake hazina watu. Lakini hakuna aliyeombwa kuhama ili yajengwe. Msanii aliacha watu nje ya jiji lake na akaliweka wazi kuwa ndoto, kwa rangi ambazo hakuna wizara ingeziidhinisha. Mtaalamu wa mipango anayeacha watu nje ya kielelezo chake kwa sababu milimita 1.7 ni ndogo mno anatoa ndoto yenye muhuri.

Ramani ya mchangani

Wizara zilizoko Kacyiru zimewahi kupokea ulimwengu mdogo wa aina nyingine kabisa. Kuanzia mwaka 2001, kwanza kwa majaribio katika mkoa wa Butare, Rwanda iliufufua utaratibu wa jadi wa kusaidiana uitwao ubudehe na kuufanya kuwa njia ya kupanga maendeleo kuanzia ngazi ya chini. Mwaka 2008 mpango huo ulipata tuzo ya Umoja wa Mataifa ya utumishi wa umma. Hatua mojawapo ya ubudehe ilikuwa ramani ya kijamii. Wakazi walikutana, wakauchora mtaa wao ardhini kwa vitu vilivyopatikana hapohapo, wakaonyesha njia, maji na kila nyumba, wakataja nani anaishi wapi na ana hali gani. Baadaye ramani hiyo ilihamishiwa kwenye kitambaa au karatasi ili ihifadhiwe.

Ramani ya namna hiyo haina skeli ya kihandisi. Chemchemi ya maji ikichorwa kubwa kuliko shule, hilo halihesabiwi kosa. Limeeleza nani anatembea umbali gani asubuhi. Waliochora hawakusimama kilomita 1 angani. Walisimama pembeni mwa ramani, miguu yao ikiwa katika udongo uleule uliochorwa, na jirani aliyeona nyumba yake imerukwa aliweza kuinama akaweka jiwe. Mvuto wa ulimwengu mdogo ulikuwapo, ila haukumaliza mazungumzo, kwa kuwa kila jiwe lilikuwa na mwenyewe na mwenyewe alikuwa na la kusema.

Isifikiriwe kwamba utaratibu huo haukuwa na dosari. Matabaka ya ubudehe yalipoanza kutumiwa kuamua mchango wa bima ya afya na misaada mingine, kuonekana maskini kulipata faida na kuonekana tajiri kukapata gharama, na ubishi kuhusu nani awe tabaka lipi ukawa mkali. Ramani inayogawa rasilimali haiwezi kubaki mchezo. Tofauti yake na kielelezo cha mezani ni kwamba ubishi ulifanyika mbele ya ramani, kabla ya uamuzi, na ulifanywa na waliochorwa.

Nessuit, 2006

Hatua kati ya ramani ya mchangani na kielelezo chenye skeli ya kuaminika ilichukuliwa Kenya. Mwaka 2006, huko Nessuit karibu na Nakuru, jamii ya Waogiek ilitengeneza kielelezo cha sehemu ya msitu wa Mau kwa skeli ya 1:10,000. Msingi wake ulitokana na mistari ya kimo ya ramani rasmi. Karatasi ngumu zilikatwa kwa kufuata mistari hiyo na kupangwa tabaka juu ya tabaka hadi milima na mabonde yakajitokeza. Juu ya umbo hilo wazee na vijana waliweka, kwa pini, uzi na rangi, mambo ambayo ramani rasmi haikuwa nayo: mipaka ya koo, mahali pa mizinga ya nyuki, vijito kwa majina yake, na sehemu za msitu kama zilivyokumbukwa kabla ya kukatwa. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Serikali ya Kenya ilikiuka haki za Waogiek katika kuwaondoa msituni. Uamuzi huo ulitokana na ushahidi wa aina nyingi na haupaswi kuhesabiwa kuwa zao la kielelezo, lakini unaonyesha uzito wa yale ambayo pini zile ziliyataja.

Kwa mtaalamu aliyeko Kacyiru, Nessuit ina somo la kiufundi linaloweza kutumika bila kusubiri sheria mpya. Kadibodi ya 1:10,000 haikuonyesha mtu hata mmoja, kwa kuwa kwa skeli hiyo mtu ni sehemu ya sita ya milimita. Pamoja na hayo haikuwatoweshea watu, kwa sababu kile kisichoweza kudogoshwa kiliwakilishwa na pini yenye maana iliyokubaliwa. Kielelezo cha mtaa wa Kigali kinaweza kubeba pini kwa kila mlango wenye wapangaji, uzi kwa kila njia ya miguu inayotumiwa kwenda sokoni, na rangi kwa kila mahali ambapo maji yamewahi kuingia nyumbani. Kinaweza pia kuwekwa juu ya stuli badala ya meza, ili anayekitazama alazimike kuchuchumaa na kuuona mteremko kutoka ubavuni. Kando yake pakibandikwa karatasi inayosema kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili skeli ni ngapi, kimetengenezwa mwaka gani, na vitu gani havikuwekwa kwa sababu havikutosha, gharama haifiki bei ya agaseke moja.

Kwa kawaida ya mbinu iliyotumika Nessuit, jambo linalotangulia yote ni ufunguo wa ramani: orodha ya vitu vitakavyoonyeshwa, majina yake katika lugha ya wenyeji, na alama ya kila kimoja. Orodha hiyo hujadiliwa na wazee kabla rangi yoyote haijapakwa. Katika vielelezo vya miji, ufunguo huandikwa mwisho, mara nyingi na mtu wa michoro, baada ya majengo yote kugundishwa.